Maji Machungu Hayakufungua Kifua

Mwanangu Somoe, mama yangu wa pili,

Alasiri hii nimekaa upenuni na karatasi juu ya goti, nawe umo ndani na mama yako mnafunga mizigo. Nazisikia sauti zenu. Ya kwake inaamrisha, ya kwako inasema "ndiyo mama" na masikio yako yako kwingine. Ningeweza kuinuka nikakuambia haya kwa mdomo. Siwezi. Nikikutazama usoni nitaanza mzaha wangu, nawe utacheka, kicheko kitaleta kikohozi, na mimi nitakuwa nimekudhuru tena. Basi soma, tena soma polepole, maana herufi zangu ni zile za Kiarabu za chuo cha Kurani, na hata mwalimu aliyenifundisha alikuwa akizisoma kwa kukisia.

Habari za kuamka mapema, kumsaidia mkewe mjomba wako, kutojibizana na wakubwa, hayo mama yako ameshakujaza mpaka yanamwagika. Mjomba wako Athumani ni mtu mwema na nyumba yake hapo Kibiti ina heshima. Sina la kuongeza. Mimi nataka kusema juu ya kifua chako, kwa kuwa ndicho kinachokuondoa kesho.

Majirani tumewaambia unakwenda kumtazama mke wa mjomba ambaye hajiwezi. Wanaitikia, "Haya, inshallah," na wote wanajua. Nani kisiwani hapa hajaisikia pumu yako? Masika ikiingia, mto unajaa, maji yanapanda hadi kwenye baraza, kuta zinaota ukungu, na wewe unaanza kupiga miluzi kifuani. Masika iliyopita ilibaki kidogo tukuzike. Sasa mawingu yameanza kujikusanya tena upande wa bara, na nimesema safari hii hayatakukuta hapa.

Jana uliniuliza, umesimama mlangoni na ungo mkononi: "Baba, mbona unanipeleka mbali nikafe peke yangu?" Nikakuambia usiseme upuuzi, nikaenda zangu pwani kana kwamba nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa juu ya gogo nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Barua hii ndiyo jibu, na nakwambia mapema kwamba si jibu zuri.

Jina lako ni la mama yangu, unalijua hilo. Usilolijua vizuri ni kwamba naye alikufa kwa pumu, mimi nikiwa kijana naanza kuota ndevu. Alikufa amekaa, maana kulala hakuweza. Ulipozaliwa wazee wakasema mtoto apewe jina la bibi yake, nikafurahi mno. Ulipofika umri wa kutambaa ukaanza kukoroma mchana kweupe, mama yako alinitazama, nami nikajifanya sijaona. Watu wengine wakasema libadilishwe jina. Ebo! Pumu ingekuwa inafuata majina, watoto wangapi wangekuwa wagonjwa kwa ajili ya bibi zao? Inafuata damu, na damu hiyo nimekupa mimi.

Sasa nije kwenye yale maji.

Unajua kazi yetu kwa kuisikia tu, kwa sababu nilikukataza usikanyage jangwani, kule kwenye uwanda wa chumvi, kwa ajili ya moshi wa kuni za mikoko. Kwa hilo peke yake nilikuwa na akili. Kiangazi kikishakauka sawasawa tunakwenda kule, tunakwangua udongo wenye chumvi, tunautia kwenye chujio, tunaumwagia maji, na yale yanayotoka chini tunayachemsha kwenye makarai mpaka chumvi inakaa. Chumvi ikiwa bado mbichi tunaitia kwenye makanda, mifuko ya ukindu uliosukwa, na kuyatundika. Yanadondoka maji. Maji hayo si ya chumvi tena, ni machungu, ukiyaonja ulimi unakunjamana. Zamani tulikuwa tunayaacha yaende zake mchangani.

Aliyeniambia niyakinge ni Kibwana, mwenzangu wa karai moja, yule mrefu anayekuita mchumba ukamtolea ulimi. Kibwana alikuwa na kifua kizito tangu utoto, akaapa kwamba kijiko kimoja cha maji ya kanda kila asubuhi kinampa pumzi. "Yanasukuma belghamu chini," akasema. "Belghamu ikitoka kwa chini, juu kunabaki peupe. Mpe mtoto, unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja nini kweli? Nikaanza kukuletea chupa nyumbani. Ulikuwa unakunja uso, unakimbia nyuma ya banda la kuku, mama yako anakufukuza na kijiko. Mgonjwa haulizwi uji, nikasema, sembuse dawa. Na kiangazi kile chote, mwanangu, ulipumua. Ulicheza rede na wenzako mpaka jua linazama. Ulilala chali kama watu. Mimi nikawa nakwenda usiku huu na usiku ule, hata bila haja, nasimama mlangoni kwako nasikiliza ukimya wa kifua chako, na nakuapia, sijapata kusikia kitu kitamu kama kile.

Lo, nikajivuna! Nilivyojivuna hata sasa nikikumbuka nafsi yangu inaona aibu. Kila aliyekohoa kisiwani nikamwita. Vichupa vyangu vikafika mpaka Mkongo kwa jamaa za mama yako. Halafu likanitokea jambo la kunikomaza ujinga kabisa. Nilikwenda Kibiti na tumbo langu limefunga, bwana dawa wa dispensari akanipa unga mweupe kwenye karatasi, chumvi ya haluli, nikoroge na maji ninywe palepale mbele yake. Nikatia mdomoni. Ala! Si maji yetu haya? Uchungu uleule, ulimi ukakunjamana vilevile. Bwana dawa akanitazama nikicheka peke yangu, akadhani nimepatwa na jambo.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nikamwambia mama yako, "Unaona? Mwingereza mwenyewe anaigawa kwa karatasi, sisi tunaimwaga chini." Mama yako akasema, "Kwani yeye amekupa kwa kifua?" Nikamwambia mwanamke hajui dawa. Sikuwahi kumjibu swali lile, na sikuwahi kumwomba radhi. Utakapokuwa mbali, Somoe, hili lishike. Swali jepesi anapokuuliza mtu anayekupenda, na wewe ukaona hasira inapanda, ujue hasira hiyo imekuja kulizuia jibu.

Kiangazi kilipokaribia kuisha nikakinga maji mengi, nikayaweka kwenye chupa za mafuta ya nazi, nikazipanga uvunguni. Nilijiambia masika ije tu, mwaka huu itamkuta mwanangu ana silaha. Masika ikaja. Mto ukapanda. Ukaanza kupiga miluzi.

Nikakupa kijiko. Siku ya pili vijiko viwili. Mama yako akaniuliza kama naona nafuu, nikamwambia dawa haijashika. Nikakupa kikombe. Uliharisha mpaka macho yakaingia ndani, midomo ikapasuka, hukuweza hata kukaa, na kifua kilikuwa kilekile, kinavuta na kuvuta na hakipati kitu. Mama yako akakipokonya kikombe mkononi mwangu akakirusha nje kwenye maji. "Unamsugua mtoto kama sufuria!" akapiga kelele. "Utamtoboa!" Ndipo nikakutazama. Nakiri kwako, mpaka wakati ule nilikuwa nakitazama kikombe.

Tulikutoa asubuhi kwa mtumbwi, mimi na Kibwana, maji yamefunika mashamba ya mpunga hata hujui mto uko wapi na konde liko wapi. Tulipofika nchi kavu tukakuchukua kitandani, watu wanapokezana, mpaka Kibiti. Kucha zako zilikuwa za buluu. Kibwana alikuwa akiimba dua njia nzima kwa sauti ya kulia. Mimi sikuomba. Nilikuwa nahesabu pumzi zako, kila moja nadhani ndiyo ya mwisho, na nilikuwa na hasira na Mungu, astaghfirullah, kama mtu aliyedhulumiwa sokoni.

Bwana dawa akakupiga sindano ya mkono. Tukasimama. Baada ya kitambo ukavuta pumzi ndefu, mabega yako yakashuka, ukasema, "Baba, nina kiu." Mpaka leo sijui kilichomo ndani ya ile sindano.

Halafu akanitoa nje, akaniuliza, "Umempa nini huyu? Amekauka."

"Maji ya chumvi. Ni ile haluli yenu."

"Haluli ni ya tumbo, bwana."

"Lakini kiangazi yalimponya. Kiangazi chote hakukohoa."

Hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Alifuta mikono yake, akaniuliza taratibu, "Na kiangazi cha nyuma yake, kabla hujaanza kumpa, alikuwaje?"

Somoe, nilisimama pale mvua ikininyeshea. Nikakumbuka kiangazi cha nyuma yake. Ulikuwa unapanda minazi midogo. Na cha nyuma ya hicho, tulipokwenda harusini Chumbi, ukacheza ngoma na wasichana wakubwa mpaka ukapoteza kanga. Kila kiangazi ulikuwa mzima. Kila kiangazi! Na maji ya kanda hayapatikani ila kiangazi, kwa sababu hakuna apikaye chumvi masika. Sisi wapika chumvi tuliona mambo mawili yanakuja msimu mmoja, tukayaozesha kama mume na mke. Kibwana vilevile, maskini, alikuwa anapona na jua huku akilishukuru kanda. Mvuvi asingekosea hivyo, wala mkulima wa mpunga. Kosa hili ni letu wenyewe, watu wa jangwani.

Nilimwuliza bwana dawa nifanye nini basi. Akasema pumu haina dawa ya kuing'oa, iko ya kuituliza tu. Nikamng'ang'ania. Nilimshika mkono kabisa, mfa maji haachi kutapatapa. Mwisho akaniambia kwamba mwili una chumvi zake nyingi, si hii moja ya kitoweo, na nyingine hizo zimo katika vyakula: mchicha, kunde, mbegu za maboga, korosho, dagaa. Na hii ya kitoweo tuipunguze. "Mpe ale vizuri," akasema. "Labda kifua kitapata nguvu kidogo." Nikamwuliza hiyo labda ni kubwa kiasi gani. Akasema, "Bwana, labda ni labda."

Uliporudi nyumbani kutoka kwa mjomba wako, tukaishika hiyo labda kwa mikono miwili. Mama yako akakaanga mbegu za maboga hata kuku wetu wakatuona wachoyo. Mchicha asubuhi, mchicha jioni. Na chumvi ikatoka chunguni, nyumbani kwa mpika chumvi! Kibwana alikuja kula siku moja, akatafuna mara mbili akaacha. "Mama Somoe," akasema, "mumeo ameuza hadi ya kutilia mchuzi?" Tulicheka siku ile, hata wewe. Ulinenepa mashavu. Nguvu ilikuja, siwezi kukataa, na ulikuwa huchoki upesi. Nikaanza tena kuinua shingo. Kumbe ilikuwa kiangazi, mwanangu. Kilikuwa kiangazi tena, na mimi mzee mzima nimekwisha ambiwa, nikadanganyika mara ya pili na jua lilelile.

Mvua za vuli zilipoangusha matone ya kwanza, ulikuwa umekaa hapa hapa nilipokaa mimi, na mbegu za maboga mkononi, na kifua kikafunga. Ukazitema. Nilimwona mama yako akiziokota moja moja mchangani, anazifuta na kanga, anazirudisha kwenye sahani, kana kwamba akizikusanya zote utapumua. Tangu siku ile hatuzungumzi habari ya dawa humu ndani.

Basi usinielewe vibaya. Mchicha kula. Mbegu kula, dagaa kula, mkewe mjomba wako nimemwagizia. Kula kwa sababu mtu aliyeshiba anashindana vizuri kuliko mwenye njaa. Lakini usiviegemee. Akija mtu na chupa yake, awe shekhe, awe mganga, awe baba yako, mwangalie kwanza huyo anayesema amepona, kisha tazama juu mbinguni uone ni msimu gani. Na yule anayekuapia sana mwogope zaidi. Mimi niliapa kuliko wote.

Wala usidhani nakupeleka Kibiti kwa kuwa Kibiti inaponya. Tulikuacha pale kwake baada ya ile sindano ya masika, ukakaa vizuri, mjomba wako akatuma salamu za furaha. Mikorosho ilipotoa maua akatuma nyingine: unalala umekaa. Ndipo tukakurudisha hapa. Sikumwonyesha mama yako uso wangu siku ile. Mama yangu naye alilala amekaa. Najua huko nako pumu iko. Sina kisiwa wala bara ya kukupeleka ambako kifua chako hakitakufuata.

Nakupeleka kwa jambo moja tu. Kutoka nyumbani kwa mjomba wako mpaka kwenye sindano, mtu anakwenda kwa miguu, hata akiwa amekubeba mgongoni. Kutoka hapa ni mtumbwi, na maji yakubali, na mbebaji awepo, na mtoto angoje kufa mpaka tufike. Tofauti ni hiyo. Tena si tofauti kubwa. Dawa zinakuja kwa lori kutoka boma la Utete, na masika barabara inakatika, na zinapoisha zimeisha kwa wote, wa karibu na wa mbali. Ninajua hilo nalo. Usiku na mchana nimeligeuza jambo hili nikitafuta upande wake mzuri, sikuuona. Nimeona upande mmoja mbaya na mwingine mbaya zaidi, nikachagua.

Mama yako anasema namfukuza mtoto. Amesema mbele ya watu. Juzi kaniambia, "Akifa huko nani atamfunga kidevu? Mimi mamake niko hapa naosha vyombo?" Usimchukie akikulilia kesho gatini, na usimsikilize. Akikuambia "rudi" mtumbwi umeshaondoka, nimeshamwambia Kibwana, atakayekuvusha, apige kafi kwa nguvu. Mimi sitakuja gatini. Nitasema nina udhuru. Watu watasema baba gani huyu, waseme.

Nakupenda, Somoe. Neno hili wanaume wa kwetu hatulisemi kwa watoto, tunaleta samaki mkubwa tukadhani tumelisema. Nimelisema sasa. Nimelisema kwa sababu moyo wangu hauniambii kwamba tutaonana sana, na nimechoka kuubishia.

Liko la mwisho, na hili silo ombi. Mimi mzee, na kazi ya moshi haiachi mtu. Siku moja mjumbe atafika kwa mjomba wako kusema baba yako amefariki. Kama ni kiangazi, njoo, usome Yasini, umshike mama yako, uondoke kabla mawingu hayajakusanyika. Kama ni masika, usije. Usije kunizika, usije matangani, usije arubaini. Mjumbe akikuambia maiti inakungoja, mwambie izikwe. Watakuita mtoto asiye na radhi, watasema msichana gani hakumlilia babake. Waambie alikukataza mwenyewe. Lilie hukohuko Kibiti, tena ukiwa umekaa, kidogo kidogo, usikifunge kifua kwa ajili yangu.

Radhi zangu zote unazo tangu leo.

Baba yako